Tazama kinywa kabla ya kulipa: wanyama wachanga wanauzwa mapema mno

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu watoto wa mbwa na paka wanaouzwa madukani, na wengine ndani ya maboksi kandokando ya barabara, Kampala na miji mingine ya Uganda. Hatuna ugomvi na biashara yenyewe. Mwenye nyumba mpya Wakiso anataka mbwa wa lango, mama wa watoto anataka paka wa kufukuza panya, na anayewauzia anatafuta riziki yake kihalali. Ugomvi wetu uko kwenye umri. Mtoto wa mbwa anayetajwa kuwa na miezi miwili mara nyingi hajatimiza hata wiki sita, na uthibitisho hauko kwenye kadi wala kwenye maneno ya muuzaji. Uko kinywani mwake.

Mbwa huzaliwa bila jino hata moja. Meno ya mbele na chonge huanza kutokeza kati ya wiki ya tatu na ya tano. Magego ya utoto hufuata, na kufikia wiki ya nane yote 28 yametimia: ya mbele sita juu na sita chini, chonge nne, na magego matatu kila upande, juu na chini. Kuyatazama si kazi. Mpakate, shikilia kidevu chake, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kisha vuta pembe ya mdomo kuelekea sikio. Ukikuta nyuma ya chonge fizi tupu na laini, au ncha nyeupe ndiyo kwanza inapasua nyama, huyo ni mchanga mno, hata muuzaji akiapa. Tuseme kweli: meno hayathibitishi kwamba mnyama amefika wiki nane, kwa sababu wapo wanaokamilisha mapema. Kazi yake ni kumkanusha anayedanganya.

Kwa paka kipo kipimo kingine, nacho kitawafaa pia wale ambao kwa sababu za dini hawaingizi mbwa ndani. Karibu watoto wote wa paka huzaliwa na macho ya buluu, na rangi yao ya ukubwani, ya manjano au ya kijani, huanza kujitokeza kwenye wiki ya sita au ya saba. Paka mwenye macho ya buluu kabisa, kama si mweupe wala si wa jamii ya Siamese, bado ni wa kunyonya. Mizani ya jikoni nayo husaidia: wa mwezi mmoja huwa na uzito wa gramu 450 hivi, wa miezi miwili gramu 900 hivi. Paka anayeenea kiganjani na mkia wake wote si wa kuuzwa.

Kwa nini wanauzwa mapema? Hesabu ni rahisi. Wiki tatu au nne za mwanzo mama ndiye anayelisha na kusafisha, na mfugaji hatoi kitu zaidi ya chakula cha mama. Kuanzia wiki ya tano maziwa yanapungua, watoto wanane wanataka sahani yao, wanachafua kila mahali, na dawa za minyoo zinadaiwa. Hapo ndipo dalali anapopigiwa simu. Tena mteja mwenyewe anavutiwa na kadogo kanakotetemeka kuliko kakubwa kidogo kanakorukaruka. Wengine wanaamini kabisa kwamba mbwa akichukuliwa mapema ndiyo atamjua bwana wake na kuwa mkali.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Katika wiki ya tano, mtoto wa German Shepherd na mtoto wa mbwa wetu wa kawaida mwenye manyoya meusi na hudhurungi hufanana sana. Masikio ya wote wawili yamelala, kwa kuwa hata ya German Shepherd halisi huchukua miezi kadhaa kusimama. Kwa hiyo uchanga unaficha mengi, na anayelipa bei ya mbwa wa ukoo akaja kufuga mbwa wa mtaani ajue alinunua kabla ya mbwa huyo kuwa na sura. (Mbwa wa mtaani ni mlinzi mzuri, lakini hauzwi bei hiyo.)

Sasa tuje kwenye kinachowaua. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na utumbo wake huweza kuifyonza kwa siku moja hivi tu baada ya kuzaliwa. Kingamwili hizo za mama hupungua polepole wiki hadi wiki. Wengine huishiwa wakiwa na wiki sita, wengine wakiwa na wiki 12 au zaidi. Ugumu ni huu: kingamwili za mama zikiwa bado nyingi huiua chanjo kabla haijamfundisha mtoto kujikinga, na kabla hazijaisha kabisa huwa zimeshakuwa chache mno kuzuia ugonjwa. Katikati hapo kuna siku kadhaa ambapo mtoto hana kinga ya mama wala ya sindano. Ndiyo maana chanjo ya mseto, inayokinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto atimize wiki 16. Sindano moja iliyochomwa katika wiki ya nne, ikaandikwa kwenye kadi kwa wino wa buluu, haina thamani ya karatasi hiyo.

Basi unamchukua mtoto wa wiki tano ambaye kinga yake inaporomoka, unamwachisha ziwa siku hiyohiyo, unamsafirisha kutoka Masaka au Mukono, unamweka kizimba kimoja na watoto wa mama wengine watatu kutoka vijiji vingine, juu ya sakafu ambayo wiki iliyopita palikuwa na mgonjwa. Virusi vya parvo huishi kwenye mazingira kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Dalili huonekana siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, mara nyingine hadi 14. Mteja ananunua Jumamosi, mtoto anacheza sebuleni Jumapili, Jumatano anagoma kula, Alhamisi anatapika povu na kuhara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Muuzaji akipigiwa simu anajibu kwamba mnyama alitoka dukani mzima, kwa hiyo umemlisha vibaya. Naye huenda anaamini anachosema, maana kweli alitoka akichezacheza. Lakini hesabu ya siku inaonyesha kwamba huenda sana ugonjwa aliupata kabla ya kununuliwa.

Dawa ya hili kwa mwenye duka ni siku 14 za kumtenga kila mgeni: chumba chake au angalau kona iliyo mbali, sahani zake, ufagio wake, na mhudumu anayeanza kwa wazima na kumalizia kwa wageni, si kinyume chake. Kizimba kikibaki kitupu, osha kwanza kwa maji na sabuni mpaka kinyesi na mafuta viishe kabisa, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu Jik kabla haijafika kwenye virusi. Kisha changanya sehemu moja ya Jik na sehemu 20 za maji, lowesha kila mahali, acha dakika kumi, suuza, anika. Wengi wanamwaga Jik juu ya kinyesi na kufuta papo hapo. Hiyo ni kunukiza duka tu.

Kadi ya chanjo nayo isomwe, isipokewe tu. Kila chupa ya chanjo ina kibandiko chenye jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kibandiko hicho hubanduliwa na kugandishwa kwenye kadi, na daktari anatia sahihi na mhuri. Kadi yenye tarehe tupu bila kibandiko, au kadi sita za watoto sita zenye mwandiko mmoja na tarehe moja ambayo, ukipiga hesabu kurudi nyuma, inaangukia wiki ya tatu ya umri wao, irudishe. Muulize pia aliyechanja alihifadhi wapi dawa. Chanjo hizi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na friji ya soda inayofunguliwa kila dakika, tena umeme ukikatika usiku kucha, haitunzi chanjo.

Baridi inaua kimyakimya zaidi. Kampala usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18 hivi, Kabale hushuka zaidi. Sisi tunavuta blanketi. Mtoto wa mbwa akiwa na ndugu zake hulala wamerundikana, kila mmoja akiwa jiko la mwenzake. Akiwa peke yake kwenye sakafu ya saruji au waya, mwili wa wiki nne au tano bado haujaweza vizuri kujitengenezea joto, na akiba ya sukari kwenye ini lake ni ndogo. Duka linafungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa tatu asubuhi: saa 13 bila chakula, kwa mnyama anayetakiwa kula mara nne hadi tano kwa siku. Mbwa wa maumbo madogo kama Maltese ndio huangushwa haraka zaidi. Asubuhi anakutwa amelegea, anayumba au anatetemeka, fizi baridi, na mhudumu kwa huruma yake anamtilia maziwa mdomoni.

Hapo ndipo anapomalizwa. Mwili uliopoa hausagi chakula. Utumbo husimama, maziwa huchacha tumboni au huingia mapafuni. Mpashe joto kwanza, polepole, kwa nusu saa hadi saa nzima: mfunge kitambaa kikavu, weka kando yake chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa taulo, mgeuze kila baada ya dakika chache. Paka asali au maji ya glukosi kidogo kwenye fizi, usimiminie kooni. Akishapata joto na kuanza kutafuta chuchu kwa pua ndipo umlishe, akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu. Kuzuia yote hayo kwahitaji taa moja iliyoning'inizwa juu ya nusu ya kizimba ili mtoto achague mwenyewe penye joto na penye ubaridi, maranda makavu au magazeti chini, na mtu wa kulisha usiku. Maranda, si unga wa mbao. Unga huingia puani na machoni.

Chakula kinachotumika sana ni posho, yaani ugali wa mahindi, na maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, lakini sukari ya maziwa ni pungufu. Ukimpa mtoto maziwa ya ng'ombe pekee anahara, na kuhara kwa mnyama wa nusu kilo kunammaliza maji ndani ya siku moja. Posho inajaza tumbo hadi linang'aa kama ngoma, na wateja husema ameshiba. Tumbo kubwa juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo au posho, mara nyingi vyote viwili. Afadhali chakula kikavu cha watoto wa mbwa kilicholowekwa kwa maji ya moto mpaka kilainike kama uji mzito. Asiyekimudu atumie mayai ya kuchemsha na nyama ya kusaga pamoja na posho kidogo. Mukene, yaani dagaa, ni mzuri pia, lakini ule ulioanikwa chini huja na mchanga: uoshe maji matatu au manne mpaka chini ya beseni pasisikike kitu ukipitisha kidole, ndipo uchemshe na kuponda.

Minyoo duara hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto angali tumboni, na ya safura hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo hakuna mtoto wa mbwa asiyekuwa na minyoo kwa sababu eti "bado mdogo." Dawa huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo cha uzito uliopimwa kwenye mizani, si nusu kidonge kwa kukisia. Fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe kama karatasi, safura au viroboto wameshanyonya damu, na huyo ni wa daktari leo.

Tunasikitishwa hasa na dawa za ng'ombe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe inapakwa watoto wa mbwa wa wiki tano ili wasiwe na viroboto mbele ya mteja. Ngozi yao ni nyembamba, wanajilamba, na dawa hizo zilipimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Nyingine za jamii ya permethrin ni sumu kwa paka wa umri wowote, maana ini lake haliwezi kuzivunja: hutetemeka, hupata degedege, hufa. Ivermectin ya sindano ya mbuzi haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya wiki sita. Viroboto vya mtoto mchanga huondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu na maji ya vuguvugu yenye sabuni laini, kisha anakaushwa papo hapo. Ni kazi ya robo saa.

Vizimba vyenyewe: waya mpana unakamata miguu midogo, na vikipangwa ghorofa bila trei, mkojo wa juu unawanyeshea wa chini. Usafiri nao ni hadithi yake. Mtoto wa paka ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kwenye usukani wa boda, au mbwa chini ya kiti cha taksi karibu na injini, hufika amepoa au ameungua. Boksi gumu lenye matundu pande mbili na kitambaa ndani halimshindi mtu aliyelipia mnyama.

Sungura na simbilisi (guinea pig) tutawataja kwa ufupi. Sungura akitenganishwa na mama kabla ya wiki sita na kubadilishiwa majani ghafla, huweza kuhara na kufa ndani ya siku mbili. Simbilisi huzaliwa macho wazi na manyoya tayari, kwa hiyo huonekana mkubwa kumbe ana siku tano. Anahitaji wiki tatu za maziwa, vitamini C kila siku kutoka kwenye majani mabichi au pilipili hoho, na kutenganishwa dume na jike mara tu baada ya hapo. Jike huweza kushika mimba akiwa na wiki nne, na mteja anaponunua mmoja hupelekewa watatu.

Kuhusu ukali. Kati ya wiki ya nne na ya nane watoto wa mbwa hung'atana mchana kutwa, na anayeng'ata sana hupigiwa kelele na kuachwa peke yake. Hapo ndipo anapojifunza kupima meno yake. Anayeondolewa mapema halipati somo hilo. Huwa mwoga, na mbwa mwoga humng'ata mtoto wa nyumbani, lakini mwizi akija hukimbia yeye. Uganda bado ina kichaa cha mbwa, na chanjo yake kwa kawaida huchomwa akitimiza miezi mitatu. Kung'atwa au kukwaruzwa hata na mtoto wa mbwa asiyejulikana mama yake kunahitaji kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya bila kuchelewa.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo tangu 1957, na inamshika anayemsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Lakini polisi au afisa wa baraza hawezi kusimama dukani akipima mateso. Anaweza kuhesabu meno na kusoma daftari. Tunaomba KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na mabaraza ya wilaya, ambayo yana uwezo wa kutunga sheria ndogo, yaweke masharti machache kwenye leseni: mbwa na paka wasiuzwe chini ya wiki nane, daftari lenye tarehe ya kuzaliwa, alikotoka, tarehe aliyoingia, dawa alizopewa na aliyemnunua, nafasi ya kutenga wageni, na daktari wa mifugo aliyesajiliwa anayepita angalau mara mbili kwa mwezi. Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. England tangu 2020 imewakataza wafanyabiashara kuuza mbwa na paka walio chini ya miezi sita ambao hawakuwazalisha wenyewe, na Ufaransa tangu Januari 2024 haiwauzi tena madukani kabisa. Sisi tunaomba wiki nane tu.

Kwa msomaji ambaye tayari ana kitoto cha wiki tano ndani ya boksi jikoni: kama mama yake anajulikana alipo, mrudishe kwake, si dukani. Kama hajulikani, mpime kila asubuhi kabla ya kula na uandike. Anatakiwa kuongezeka kila siku. Asipoongezeka siku moja muangalie kwa karibu, akipungua siku mbili mfululizo nenda kwa daktari hata kama anacheza. Lisha alfajiri, saa tano, saa tisa, saa moja jioni, na mara ya mwisho kabla hujalala. Usimtembeze barabarani wala penye kinyesi cha mbwa wengine mpaka amalize chanjo za wiki 16, lakini mpakate, msikilizishe redio, mvua juu ya bati na sauti za watoto. Na kinyesi chake kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo duara huchukua wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto anayechezea hapo.

Ni sisi,
Wahudumu wa afya ya wanyama,
Kampala.